KIJANA, HIYO KESHO YAKO NI LINI?

Ndugu kijana uliyepokea karatasi hii, usiikunje kwanza. Usiseme "nitasoma baadaye". Hiyo BAADAYE ndiyo ninayotaka tuongee.

Hebu jiulize. Lile daftari la hesabu ulilosema utalifungua Jumatatu, ulilifungua? Yule fundi uliyetaka kumwomba akufundishe kazi, ulimwendea? Kila siku kesho, kesho! Nyumbani wanakuita MVIVU. Mimi nasema hapana. Mvivu akilala analala, na usingizi wake ni mtamu. Wewe hupumziki. Unaangalia mpira huku moyo unakugonga. Unafagia chumba, unapiga pasi mpaka leso, unajibu meseji za watu wote, ili mradi usiguse lile jambo moja. Huo siyo uvivu bwana. Hiyo ni HOFU.

Najua ninachosema, yamenikuta. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Kaka yangu alikuwa anabeba mizigo sokoni. Akanipa pesa nikajiandikishe QT, ule mtihani wa maarifa unaomfungulia mlango mtu ambaye hakusoma sekondari. Nikasema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu ikanyesha mvua. Jumanne nikasema ngoja kwanza nijue Kiingereza, nisije nikaaibika. Unaona hapo? Sikuogopa foleni. Niliogopa kuyajua matokeo yangu. Maana asiyefanya mtihani hajafeli, siyo? Anaweza kutamba maisha yake yote, eti "ningetaka ningefaulu". Pesa ikaanza kumeguka, mara vocha, mara chipsi, na usajili ukafungwa. Nikawa nikimwona kaka kwa mbali nakata kona. Ndugu wa tumbo moja tukawa kama majirani waliogombana.

Sasa sikiliza. Unapoahirisha unamtwisha mtu mzigo. Mtu gani? Ni wewe mwenyewe wa kesho, tena atakuwa amechoka zaidi na siku zimempungukia. Je, ni haki kumtendea hivyo mtu ambaye hayupo kujitetea?

Wataalamu wanasema sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga mambo na kuzuia tamaa, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 20 na zaidi. Ndiyo maana kijana husumbuka kuliko mzee. Lakini usifanye hicho kisingizio! Miguu ya mtoto nayo haijakomaa, mbona anatembea?

Wala umri peke yake siyo kinga. Katika Matendo ya Mitume yuko liwali mmoja, Feliki, mtu mzima mwenye madaraka. Alimsikiliza Paulo akashikwa na hofu, akamwambia aende kwanza, atamwita akipata nafasi. Akawa anamwita kweli, wanaongea, huku anatamani rushwa. Jambo lenyewe hakuliamua. Miaka miwili ikaisha, akaondoka kazini, Paulo akabaki kifungoni.

Wengine hudhani dawa ni kujilaani. "Mimi sifai, mimi ni takataka." Wee! Mwaka 2010 mtafiti wa Kanada, Michael Wohl, na wenzake walitoa utafiti juu ya wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza chuo kikuu. Kati ya walioahirisha kujisomea mtihani wa kwanza, waliojisamehe walipunguza kuahirisha mtihani uliofuata. Mimi sishangai. Ukijilaani, kila ukiliona lile daftari linakusuta, basi unalikimbia tena. Ila kujisamehe siyo kujibembeleza. Huwezi kusamehe kosa ambalo hujalitaja. Litaje kwanza: NILIOGOPA, NIKAKIMBIA.

Halafu acha kuahidi mambo makubwa. "Wiki hii nitasoma sana" ni maneno ya hewani. Sema saa na mahali: nikimaliza kuosha vyombo, nakaa mezani, nafanya swali la kwanza. Moja tu. Simu mpe mama akae nayo. Hofu haitaondoka kabla hujaanza, usiisubiri. Itaketi na wewe hapo hapo mezani, na ukifika swali la tatu utakuta imesinzia.

Mimi nilimkwepa kaka miaka mitatu. Siku moja nikajipangia: akishafunga mzigo wa mwisho, nitasema sentensi moja. Nikasimama karibu na mkokoteni, magoti yanatetemeka, kijana mzima.

"Kaka, ile pesa ya mtihani niliila."

Akaiweka kamba chini. Akajifuta jasho.

"Mdogo wangu, nilijua tangu mwaka ule ule. Nilikuwa nangoja useme." Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Usajili wa mwaka huu unafunguliwa lini?"