Mkono Juu ya Kengele

Kengele ya mtaa wetu mmoja ni ringi ya lori iliyotundikwa kwa waya kwenye mwembe. Jumapili iliyopita mzee wa kanisa alipokuwa akiigonga kwa kipande cha nondo, mtoto wa miaka kama mitano aliikimbilia akaikumbatia kwa mikono miwili. Mlio ukakatika palepale. Mzee akagonga tena, ikatoka "ko!" kavu, kama anayegonga gogo. Mtoto alipoachia, pigo lililofuata lilivuma mpaka bondeni.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima. Nondo inapogonga chuma, chuma hupinda kidogo mno, jicho halioni, kikarudi, kikapinda tena, mamia ya mara kwa sekunde. Mtetemo huo husukuma hewa iliyo jirani, nayo ikasukuma ya mbele yake, kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, hata aliye kilomita moja kutoka mwembeni husikia kengele sekunde tatu hivi baada ya kupigwa. Mkono ukiishika, nyama yake laini huunyonya mtetemo karibu wote. Ndiyo maana kengele hutundikwa, haiegemezwi ukutani.

Kipenga cha refa nacho ni vivyo hivyo, ila humo kinachotetemeka ni hewa yenyewe. Kile chenye punje ndani kilitolewa mwaka 1884 na Joseph Hudson wa Birmingham, Uingereza. Pumzi hupita kwenye mrija mwembamba, ikakutana na ukingo mkali wa tundu la juu, ikayumba, mara ndani, mara nje, zaidi ya mara 2,000 kwa sekunde. Punje huukatakata mlio huo, tukasikia "prrr". Ziba tundu kwa kidole gumba, kisha puliza kwa nguvu zako zote. Kimya.

Jaribu pia chupa ya soda iliyokwisha. Puliza mdomoni mwake, utasikia sauti nzito. Tia maji hadi nusu, sauti hupanda na kuwa nyembamba, kwa kuwa hewa iliyobaki ndani ni kidogo, nayo hutetemeka upesi zaidi. Kadiri chupa ilivyo tupu, ndivyo sauti yake inavyotoka chini.

Tumezoea kusema debe tupu haliachi kuvuma, tukimcheka mwenye maneno mengi yasiyo na maana. Mimi naona methali hiyo imewaonea wengi. Debe lililojaa mahindi halivumi kwa sababu halijapungukiwa. Aliyemzika mwenzake juzi amebaki mtupu, na kilio chake ndicho sauti ya huo utupu.

Nasi tunamfanyia nini? Tunamwekea mikono. Nyamaza. Jikaze. Kazi ya Mungu haina makosa. Mwanaume halii. Mimi mwenyewe nimeyasema maneno hayo nikiwa nimevaa kola, nikamwona mjane akimeza kilio chake kwa heshima ya mchungaji. Nilidhani nimemfariji. Leo najua nilishika ringi.

Yesu alipofika kwenye kaburi la Lazaro alijua kwamba atamfufua, na bado alilia, mbele ya watu. Paulo naye aliwaagiza Wakristo wa Rumi walie pamoja na wanaolia; hakuwapa kazi ya kuwanyamazisha. Kulia pamoja na mtu ni kazi ngumu kuliko kumtuliza, maana hapo nawe unatetemeka.

Wiki hii kuna nyumba mbili usharikani kwetu zenye msiba. Nendeni. Kaeni mkekani, tekeni maji, chocheeni moto, pigeni magoti pamoja nao. Mfiwa akianza kulia katikati ya sala, sala isubiri. Mwacheni alie hadi amalize, na asiwepo hata mmoja wenu wa kumwambia ajikaze.