Je, Buibui Ampenda Mwanawe?

Mara nyingi tumesikia watu wakisema juu ya mama aliyemwacha mtoto wake, "Hata mnyama hafanyi hivyo." Tumesikia pia wengine wakitetea dhambi zao kwa kusema, "Mbona hata wanyama hufanya hivyo?" Maneno hayo mawili yapingana, walakini shina lake ni moja: twawaweka viumbe wengine kuwa waamuzi wetu. Basi na tumtazame kiumbe mmoja mdogo aliye katika kila nyumba, yaani buibui, tuone kama anafaa kukikalia kiti hicho.

Kwanza, habari ya kuchumbiana. Huko Ulaya yuko buibui ambaye wataalamu humwita Pisaura mirabilis. Dume akimwendea jike huchukua zawadi, yaani mdudu aliyefungwa vizuri kwa nyuzi nyeupe. Jike akiipokea na kuanza kula, dume hupata nafasi ya kukutana naye. Asiye na zawadi mara nyingi hukataliwa. Lakini wako madume ambao hufunga ganda tupu la mdudu aliyekwisha kuliwa, au kipande cha mmea tu, wakakipeleka vivyo hivyo. Kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Je, dume huyo ni mwongo? La, hasha. Yeye hajui ahadi ni nini. Lakini kijana wa kwetu ajaye kuposa kwa maneno matamu, naye amekwisha kuoa mjini, huyo ni mwongo kweli, kwa sababu angeweza kusema kweli naye hakutaka.

Pili, habari ya malezi. Wako buibui wasiotega utando, bali huwinda chini ardhini. Mama hubeba mfuko wa mayai nyuma ya tumbo lake, na watoto wakitoka humpanda mgongoni, naye huwachukua kila aendako. Mfaransa mmoja, Jean-Henri Fabre, aliyefariki mwaka 1915, aliwachunguza kwa miaka mingi. Alimwondolea mama mfuko wake akampa kitufe cha kizibo kilichochongwa. Yule mama akakipokea akakibeba kama mayai yake. Na watoto wa mama mwingine wakimpanda, huwabeba pasipo kuuliza ni wa nani.

Kusini mwa Afrika yuko mwingine, Stegodyphus dumicola, akaaye na wenzake katika kiota kimoja. Mama huwalisha watoto kwa kuwatapikia chakula, na mwishowe watoto humla yeye mwenyewe. Hata majike wasiozaa bado huwalisha watoto wa wenzao, nao pia huliwa.

Tukisikia hayo twataka kusema: huyu ndiye mama mkamilifu! Hapo ndipo yatupasa kuwa waangalifu. Mama abebaye kizibo kwa bidii ile ile abebayo mayai, hakuchagua kubeba. Mama aliwaye na wanawe hakushindana na nafsi yake usiku kucha kabla ya kujitoa. Kazi yake ni ya ajabu, nasi twamsifu Muumba kwa ajili yake. Ila hatuwezi kumsifu yeye kwa wema, kama vile tusivyoweza kumlaumu dume wa zawadi tupu. Pasipo uwezo wa kukataa hapana wema wala uovu.

Huenda mtu atauliza, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Mara nyingi twasema kwamba kulea ni maumbile ya mwanamke. Kwa neno hilo twamnyang'anya mama sifa yake, tena twajipatia udhuru. Aamkaye usiku wa manane kwa mtoto mgonjwa, na alfajiri akaenda shambani, hafanyi hivyo kama buibui. Amechoka, naye ajua kwamba amechoka. Angeweza kugeukia ukutani akalala. Tendo lake ni zawadi, na zawadi hudai shukrani. Baba aketiye akingoja chai, akisema kwamba ndivyo wanawake walivyoumbwa, amemfanya mkewe kuwa mdudu.

Bwana wetu alipojifananisha na kuku akusanyaye vifaranga, alitupa mfano wa huruma. Hakumfanya kuku kuwa sheria. Na juu ya uhai wake alisema wazi kwamba hapana amwondoleaye, bali yeye mwenyewe autoa. Huo ndio upendo tulioitiwa, wa kutoa kwa hiari. Kwa hiyo mama asemaye, "Leo sina nguvu, nisaidieni," hajatenda dhambi. Hakuna amri itutakayo tumle mama yetu mpaka aishe.

Na yule aliyemwacha mtoto? Hatusemi kwamba hakukosa. Lakini kabla ya kumlinganisha na wanyama, na tujiulize baba wa mtoto alikuwa wapi, na sisi majirani tulikuwa wapi. Katika kiota cha buibui wale, hata asiyezaa hulisha. Wao hufanya hivyo bila kujua. Sisi tunajua, na kwa sababu hiyo tutaulizwa.

Basi, ndugu, wiki hii kila mmoja na amtafute mama mmoja katika mtaa wake aliyeelemewa, ampokee mzigo japo kwa siku moja. Mungu atusaidie. Amina.