Maneno Yakaayo Moyoni

Wako walimu wenzetu wasemao kwamba kumkaririsha mwanafunzi ni kumfanya kasuku. Neno hilo tumelisikia mara nyingi, wala hatuwezi kulipuuza, kwani wengi wetu tulikaririshwa kwa fimbo, na tulichokikariri tukakisahau mara tu baada ya mtihani. Hata hivyo liko jambo lililotukia darasani kwetu, hapa Kamembe, ambalo limetulazimisha kulitazama upya suala hili.

Tulikuwa tumewapigia chapa wanafunzi shairi la mawaidha, walighani siku ya sherehe ya wazazi. Katika ubeti mmoja neno ‘radhi’ likapigwa chapa ‘ardhi’. Wanafunzi arobaini wakajifunza kuwaomba wazazi wao ardhi, na katika nchi yenye uhaba wa mashamba kama hii yetu ombi hilo halikumshtua mtu. Sisi wenyewe tulikuwa na karatasi mkononi, tukifuata kwa macho na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Aliyeshtuka ni mzee mlinzi wa lango, mzaliwa wa Bukavu, ng’ambo ya mto Rusizi, aliyelijua shairi lile tangu utoto wake. Alingoja darasa limalizike, akatujia taratibu. “Samahani, Mwalimu,” akasema, “pale kwenye radhi watoto wamepotea njia.” Mzee yule hakuwa na karatasi.

Tangu siku ile tunajiuliza: kuna faida gani kuyaweka maneno moyoni, ilhali kitabu kipo? Swali hili si geni kwa watu wa sherehe za siri, ambao kwao kusahau neno moja ni aibu kubwa. Tutatoa mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa hapa petu.

Jina la Frimasoni likitajwa mitaani kwetu, huja pamoja na hadithi za kafara na utajiri wa ghafla. Hizo tuziache huko huko mitaani. Linalotuhusu ni desturi yao ya kukariri. Mwaka 1813, makundi yao makuu mawili ya Uingereza yalipoungana, iliwabidi wapatane juu ya maneno ya sherehe zao. Likaundwa baraza la kuyapatanisha, nalo likayafundisha kwa mdomo, kwa kuwa kuyaandika kulikatazwa. Mwaka 1823 kikaanzishwa London chama cha mazoezi kiitwacho Emulation, ambacho humtunza kijisanduku cha fedha cha kutilia viberiti yule aongozaye sherehe bila kusahihishwa hata mara moja. Baadaye vitabu vya maneno hayo vilipigwa chapa, na mtu aweza kuvinunua dukani. Lakini desturi ya kuyasema kwa moyo haikufa. Baadhi yao hueleza kwamba mgeni aingizwaye chamani hastahili kusomewa karatasi, bali kutazamwa machoni. Ni jibu zuri. Sisi lakini tunaona jambo jingine: kijisanduku kile hakiwezi kutolewa pasipo watu waketio kimya na kusikiliza, ambao nao wanayajua maneno yote. Ni hao wasikilizaji wanaompa msemaji sifa yake.

Sasa turudi nyumbani. Ufalme wa Rwanda ulikuwa na abiru, walinzi wa ubwiru, yaani kanuni za siri za kiti cha enzi. Kanuni hizo zilikuwa matini ndefu ziitwazo inzira, maana yake njia: njia ya kumtawaza mfalme, njia ya ukame, njia ya nyuki, njia ya moto, njia ya umuganura ambao ni sherehe ya malimbuko. Hakuna kilichoandikwa. Kazi ilirithiwa, baba akimfundisha mwana, na mwiru aliapa kuificha siri kwa maisha yake. Aidha, mafungu yaligawanywa kwa koo. Umuganura, kwa mfano, ulikuwa mikononi mwa Abatsobe.

Serikali ya Wabelgiji ilitambua nguvu iliyokuwamo vifuani mwa wazee wale. Mwaka 1925 Gashamura, mkuu wa abiru, alihamishiwa Burundi, na umuganura ukakomeshwa. Novemba 1931 mfalme mwenyewe, Yuhi V Musinga, aliondolewa kitini akaletwa hapa hapa Kamembe. Mwanawe Rudahigwa akatawazwa na gavana, si na abiru. Musinga alikaa kwetu hadi 1940, akapelekwa Moba, Kongo, akafia huko mwaka 1944. Mtu waliweza kumhamisha. Maneno hayakuwa na mzigo wa kukamatwa mpakani.

Lakini wazee hufa, na Rudahigwa alilijua hilo. Katika miaka ya 1940 aliwaruhusu abiru kumwambia padre Alexis Kagame waliyoyahifadhi, naye akayaandika. Mwaka 1947 Kagame alitoa makala juu ya kanuni hizo, na matini zenyewe zikachapishwa na d’Hertefelt na Coupez mwaka 1964. Bila kalamu ile, sisi tusingekuwa na la kuandika hapa. Kwa hiyo asitunukuu mtu kwamba tunadharau maandishi.

Hata baada ya kuandikwa, kinywa cha abiru hakikunyamaza. Rudahigwa alifariki ghafula Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, bila mtoto. Siku tatu baadaye, makaburini Mwima karibu na Nyanza, mbele ya Wabelgiji walioduwaa, abiru walitangaza kwamba mrithi ni Ndahindurwa, Kigeli V. Umati ukalipokea jina. Je, marehemu aliliacha jina hilo kweli? Wanahistoria wanabishana hadi leo. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1961, ufalme wenyewe ulifutwa.

Hatuwaiti abiru waongo. Hatuna haki hiyo. Tunalotaka kulionyesha ni kwamba katika umati ule hapakuwa na mlinzi wa lango wa kusema, “Samahani, hapo mmepotea njia.” Maneno yaliyokaa moyoni mwa wachache, wengine wakiwa hawayajui, huwa amri. Yakikaa moyoni mwa msemaji na msikilizaji pia, huwa mali ya wote wawili, na kila mmoja huwa na uwezo wa kumrudi mwenziwe. Kitabu hakina uwezo huo. Kitabu hakikatizi mtu. Kikikosea, kama kilivyokosea chetu, hukosea kwa sauti za watoto arobaini.

Kwa hiyo, wenzetu wanaoogopa kasuku wana haki, ila tunadhani wamemwogopa asiyehusika. Kasoro haiko kwa mtoto akaririye. Iko kwetu, tunaomsikiliza huku tumeshika karatasi kwa kuwa sisi wenyewe hatukujifunza. Hafidhi wa Kurani hukaa mbele ya mwalimu ambaye naye ni hafidhi. Ndiyo sababu husahihishwa papo hapo, bila mtu kufungua msahafu. Wangapi kati yetu, tunaofundisha Kiswahili tangu kilipofanywa lugha rasmi ya nchi hii mwaka 2017, tuna mashairi kumi vifuani?

Muhula huu tumepunguza mashairi ya kukariri yakabaki matatu. Wanafunzi huketi wawili wawili, mmoja akighani na mwenziwe akisikiliza, na karatasi zote huwa ndani ya mikoba, pamoja na ya mwalimu. Mzee wa lango huja akipata nafasi, akaketi kiti cha nyuma. Tumekwisha kusahihishwa mara mbili: mara ya kwanza na yeye, na mara ya pili na msichana wa mwaka wa kwanza wa sekondari, ambaye kwanza aliomba radhi.