Kura ya Mathiya na Kura Yako

Maandiko: Matendo ya Mitume 1:15–26, Kutoka 18:21, 1 Samweli 16:6–7



Jumamosi ya tarehe 6 Agosti 2022, siku tatu kabla ya uchaguzi, mama mmoja wa kanisa letu alinisimamisha nje baada ya maombi. "Pasta, mimi bado sijaamua ni nani. Nimefunga siku tatu na Mungu hajaniambia kitu. Sasa nifanye nini?" Nyumbani kwake mzee alikuwa upande mmoja, kijana wake wa bodaboda upande ule mwingine, na yeye katikati akiwapikia chai wote wawili.

Zamani huku kwetu swali hilo lilikuwa rahisi. Tangu vyama vingi virudi, kila uchaguzi wa rais ulikuwa na mtoto wa Mlima kati ya wale wawili wa mbele. Mwaka wa 1992 alikuwa Matiba, 1997 Kibaki, 2002 Kibaki na Uhuru Kenyatta wakashindana wenyewe kwa wenyewe, 2007 Kibaki tena, 2013 na 2017 Uhuru. Mtu wa Giakanja aliamka asubuhi akijua atampigia nani. Mwaka wa 2022 kipimo hicho kilivunjika. William Ruto na Raila Odinga, hakuna aliyekuwa wa hapa, na kila mmoja alikuwa na mgombea mwenza wa Mlima: Rigathi Gachagua wa Mathira, hapa hapa Nyeri, na Martha Karua wa Kirinyaga. Rais aliyekuwa akiondoka alituambia twende kwa Raila. Majirani wengi walikuwa kwa Ruto. "Mtu wetu" alikuwa pande zote mbili. Kwa hivyo mama yule hakuwa mjinga wala hakuwa na imani haba. Alikuwa anauliza swali ambalo sisi wengine tulikuwa hatujawahi kulazimika kuuliza.

Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Mama, endelea kuomba, Mungu atakuonyesha." Hilo ni jibu ambalo sisi wachungaji tunatembea nalo mfukoni kama peremende. Akashukuru, akaenda. Mimi nikabaki na mzigo, na ndio maana leo naandika.

Angalia neno lenyewe, kura. Biblia yetu ya Kiswahili inalitumia pale mitume walipotafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda. Walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Mabaharia wa Yona walipiga kura kujua ni nani aliyewaletea dhoruba. Askari pale msalabani walipigia kura vazi la Bwana. Sisi nasi tunaenda shule ya msingi na kitambulisho mkononi, tunasema tumeenda kupiga kura. Neno ni moja, lakini kazi si moja. Katika kura ya Mathiya mwanadamu anaondoa mkono wake, Mungu anaamua, na ikishaanguka hakuna wa kuulizwa mbona. Katika kura ya IEBC hakuna kitu kinachoanguka. Ile karatasi nyeupe ya rais itakaa pale hivyo hivyo mpaka mkono wako uweke alama. Nafikiri wengi wetu tukisema "namwachia Mungu" tunataka kuirudisha kura hii ya pili iwe ile ya kwanza, ili mambo yakiharibika tusiwepo.

Na hata ile ya Mathiya tunaisoma tukiruka mistari. Kabla ya kura Petro aliweka masharti. Alitaka mtu aliyetembea nao muda wote tangu ubatizo wa Yohana hadi siku Bwana alipopaa. Yaani mtu wanayemjua, waliyemwona akiwa na njaa, akiwa amechoka, umati ukiwa umeondoka. Wakatafuta, wakapata wawili. Ndipo wakaomba, na ndipo wakapiga kura. Kazi ya macho na kumbukumbu waliifanya wao wenyewe.

Mama yule pia anajua kuifanya. Yuko kwenye chama cha akina mama, na wanachangishana kila wiki. Walipomchagua mweka hazina, hakuna aliyefunga siku tatu na hakuna aliyeota ndoto. Walijua ni nani pesa zikikaa kwake zinapungua. Walijua ni nani aliwahi kuchelewesha mchango, akaja mwenyewe akasema mbele ya wote kwamba ameshindwa, akalipa baadaye. Walijua pia ni nani ana maneno matamu sana siku ya mkutano. Bila kujua, walikuwa wakimfuata Yethro, aliyemwambia Musa atafute watu wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Kwa hazina ya elfu hamsini tunakuwa Yethro, lakini kwa hazina ya nchi nzima tunaangalia kofia na wimbo, na ile mia mbili ya soda.

Mtu ataniambia, "Pasta, moyo wa mtu tutaujuaje?" Hatutaujua. Samweli alikuwa nabii, na pembe ya mafuta ilikuwa mkononi, na bado alimwona Eliabu akafikiri ndiye kwa sababu ya kimo. Mungu akamzuia. Kama nabii alidanganywa na urefu, mimi nitadanganywa na sauti nzuri kwenye redio. Kwa hivyo swali la kama mgombea "ni mtu wa Mungu" nimeliacha. Silijui, na kila mmoja wao hujua kushika Biblia akija kanisani msimu huo. Naangalia yanayoonekana. Alipokuwa na cheo alifanya nini nacho? Alipokosolewa alimfanya nini aliyemkosoa? Alipoahidi, pesa alisema zitatoka wapi? Hayo unaweza kuyaandika kwenye daftari, ukurasa mmoja kwa kila mgombea.

Na swali moja zaidi, ambalo kwangu ni zito kuliko hayo yote. Akishinda huyu, jirani yangu wa kabila lingine atalala? Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la kipentekoste kama letu, lilichomwa watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Kura ya rais si yangu peke yangu. Matunda yake yanaangukia hata shamba la mtu nisiyemjua. Swali hilo nauliza kwa kila mgombea wa kila upande, na nalielekeza kwa midomo yetu pia, maana yale tunayosema kwa Kikuyu tukiwa wenyewe tunayajua.

Wengine husema kura moja ni bure. Hebu tuhesabu. Mwaka ule Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Tofauti yao, ukiigawa, ni kama kura 5 kwa kila kituo. Na kwa kuwa Katiba inataka mshindi apite nusu ya kura zote halali, watu 2 tu katika kila kituo wangetoka kwa Ruto wakaenda kwa Raila, tungeingia duru ya pili. Wawili! Wanaweza kuwa mume na mke waliobishana njiani. Na zaidi ya watu milioni 7 waliojiandikisha walikaa nyumbani, wengi kuliko waliompigia mshindi mwenyewe. Siwezi kusema kwamba wote walikosea. Sijaona andiko linalosema usipopiga kura umetenda dhambi, na mtu aliyepima akaona hawezi kumpa yeyote jina lake, huyo ameamua. Lakini kisa cha Yothamu katika Waamuzi 9 hunirudia: mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, na miti bado ikapata mfalme.

Kuna walionitarajia nitaje jina hapa. Hapana. Wazee wanakumbuka mlolongo wa 1988, watu wakisimama nyuma ya mgombea mbele ya chifu na mbele ya kila mtu. Tayari mwaka wa 1986 wachungaji waliokutana chini ya NCCK walikuwa wameupinga mpango huo. Sababu mojawapo naielewa vizuri: mchungaji akisimama kwenye mstari mmoja, Jumapili atawahubiria vipi waliokuwa kwenye ule mwingine? Siri ya kile kibanda ilipatikana kwa shida, na sitaivunja kutoka madhabahuni.

Mama yule alipiga kura. Hakuniambia ni nani, na sikuuliza. Kaunti yetu ilimpa Ruto kura nyingi sana, na Jumapili iliyofuata hukumu ya Mahakama ya Juu wengi walishuhudia kwamba Mungu ametuchagulia. Kisha ikaja Juni 2024, vijana barabarani hata Nyeri mjini kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na Oktoba Seneti ikamwondoa mtoto wa Mathira kwenye kiti cha naibu wa rais. Hapo ushuhuda ukabadilika: "Tulidanganywa." Nilisikiliza kwa makini miezi ile yote, sokoni na kanisani. Ikiwa nzuri ni Mungu, ikiwa mbaya ni mdanganyifu. Sikumsikia hata mmoja akisema, "Nilimchagua mimi, na nilikuwa na sababu hizi."

Isipokuwa yeye. Juzi alinipata tena pale nje. "Pasta, ile kura nilifuata kelele ya kijana wangu. Si Mungu alinyamaza, ni mimi sikutaka kufikiria." Mara hii ana daftari. Kurasa mbili zina maandishi, wa tatu una jina tu, maana anasema huyo bado hajaona kazi yake. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Aliniuliza kuhusu kitinda mimba wake aliyepata kitambulisho majuzi, ataandikishwa wapi. Nikamwambia waende ofisi ya IEBC ya eneo bunge, abebe hicho kitambulisho. Wamepanga kwenda Jumatano, baada ya kuchuna chai.