Nani Ataitikia?

Majuzi tulikwenda kumzika kijana mchimbaji katika kigango kimoja cha upande wa Geita. Duara lilimporomokea. Marehemu alikuwa mgeni, aliyetoka kwao mbali kuitafuta dhahabu, na waliombeba ni wenzake wa mashimoni, vumbi la mawe likiwa bado nguoni mwao. Kwaya haikuwapo, ilikuwa imealikwa kwenye sherehe parokia ya jirani. Padre akauanzisha wimbo wa mazishi. Ubeti wa kwanza watu waliitikia. Ubeti wa pili sauti zilipungua. Ubeti wa tatu padre alibaki na mwalimu wa dini tu, na umati ule wote ukasimama kimya ukiutazama udongo unavyoingia kaburini. Watu wale hawakukosa imani, wala sauti hawakukosa. Wimbo hawakuujua.

Jambo hili limetukaa moyoni, maana na sisi tumo katika lawama. Mara ngapi tumepiga chapa picha za kwaya zilizovaa sare mpya, tukasifu kinanda kilichonunuliwa, tusiulize hata siku moja kama waamini waliokuwa kwenye mabenchi walifumbua vinywa?

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwaya zikuzwe kwa bidii. Hapo ndipo walimu wengi wa kwaya huishia kusoma. Lakini agizo hilohilo linawadai maaskofu na wachungaji wengine wahakikishe kwamba taifa zima la waamini linaweza kutoa sehemu yake katika ibada inayoimbwa. Na Maagizo juu ya Muziki Mtakatifu ya tarehe 5 Machi 1967 yanasema wazi kuwa si vema kwaya iachiwe nyimbo zote za Misa, watu wakafungiwa nje kabisa.

Kwetu Usukumani neno hili lisingepaswa kuwa geni. Nani hajasikia habari za bugobogobo? Wakulima walijipanga shambani, ngoma ikalia, manju akaanza, na wote wakaitikia huku majembe yakipanda na kushuka pamoja. Hapakuwa na watazamaji. Asiyeitikia, jembe lake lilipotea njia, na mstari ukamwacha nyuma. Wimbo ule haukuwa pambo la kazi. Ndio uliowawezesha watu wenye jasho kumaliza shamba ambalo mmoja peke yake angelikimbia. Leo ngoma hiyo twaiona zaidi majukwaani, nasi tumeketi vitini tukipiga makofi. Tunahofu kwamba Misa nayo imeanza kufuata njia hiyo.

Walikuwapo walioona mapema utajiri huu. Kule Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika aliyetoka Kanada, alijenga kanisa lenye alama za Kisukuma, akakusanya ngoma na nyimbo za wenyeji, na sikukuu ya Ekaristi, iitwayo Bulabo, ikawa siku ya maandamano na ya mashindano ya Bagika na Bagalu. Mtaguso ulipotaka mapokeo ya muziki ya kila taifa yapewe heshima yake, Bujora walikuwa wamekwisha anza. Wazee wetu wa zamani zaidi nao, waliokaa miaka katika ukatekumeni, walijua Misa ya Malaika kwa moyo, kwa Kilatini, hata wasioweza kusoma. Hatusemi turudi huko. Twasema tu kwamba walifundishwa, nao wakaweza.

Na tusidhani kwamba kuimba kwa waamini ni burudani ya siku njema. Mtakatifu Augustino asimulia katika Maungamo yake jinsi watu wa Milano walivyokesha kanisani pamoja na askofu wao Ambrosi, mwaka 386, mama wa mfalme alipowatesa. Hapo ndipo walipofundishwa kuimba zaburi na tenzi, wasije wakazimia kwa huzuni. Waliokuwa hatarini waliwekewa wimbo kinywani kabla ya kuhitaji kitu kingine. Je, watu wetu wanaoshuka mashimoni kila alfajiri, wakitegemea matimba yasivunjike, wana hatari ndogo kuliko ile?

Walimu wa kwaya wasituelewe vibaya. Twawapenda, na twajua wanavyojinyima usingizi kwa mazoezi. Waimbe nyimbo zao za sauti nne baada ya Komunyo, nasi tutasikiliza kwa furaha. Lakini “Bwana utuhurumie”, “Mtakatifu”, kiitikio cha zaburi na nyimbo za mazishi ni vya watu wote, na visibadilishwe kila mwezi kwa kuwa tu umetungwa wimbo mpya. Mchimbaji ahamaye kutoka Nyarugusu kwenda Kahama hana daftari la nota mfukoni. Atakachokuwa nacho ni kile alichokishika kwa moyo.

Katika kigango kile tulichokitaja, mwalimu wa kwaya amekubali kuanza Jumapili ijayo. Dakika kumi kabla ya Misa atasimama mbele ya watu, awafundishe wimbo uleule wa mazishi, beti zote tatu. Kinanda kitabaki kimefunikwa.