Hadhi ya Mtenda Kazi na Soko la Ajira

Swali la iwapo utu wa mtu hupungua pale soko linapoacha kuihitaji kazi yake hujitokeza kwa uzito katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, ambako migodi ya makaa ya mawe iliajiri zaidi ya watu 100,000 mwaka 1950, lakini kufikia 2020 haikufikisha hata 15,000, hasa kwa kuwa mashine za kukata na kupakia makaa zilichukua nafasi ya mikono. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa 1981, alitofautisha upande wa nje wa kazi, yaani zana na mazao yake, na upande wa ndani, yaani mtu anayetenda, akashikilia kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtendaji. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haitoshi, kwani mchimbaji aliyeachishwa kazi hupoteza pia ustadi alioachiwa na baba yake na heshima ya wenzake. Leo sekta ya afya huajiri watu wengi jimboni humo kuliko migodi. Hata hivyo, kumtaka mchimbaji awe muuguzi kwa gharama zake mwenyewe, baada ya nchi nzima kuota moto wa makaa yake, ni dhuluma.