Je, Kasoro Isiyoonekana Ni Kasoro?



Ndugu msomaji, suala ninalolileta hapa halikunijia darasani wala msikitini. Lilinijia nikiwa nimelala chali kwenye sakafu ya gari, bisibisi mdomoni, jasho likiniingia machoni, natafuta tundu la skrubu chini ya dashibodi.

Niseme kwanza nilifikaje huko. Mjomba wangu ni fundi, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao ukiacha sauti ya adhana, sauti ya pili utakayoisikia ni ya nyundo na bati. Alihamia Kampala zamani, akafungua gereji yake ndogo. Kila likizo mimi huenda kumsaidia, naye hunilipia sehemu kubwa ya karo. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba mimi si shahidi huru katika kesi hii.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari la spoti la viti viwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita. Lilitoka Japani mwaka 1969, na kufikia 1973 lilikuwa limempisha mdogo wake, 260Z. Vijana wengi hawalijui, lakini wazee wa Afrika Mashariki ukiwatajia wanatabasamu, kwa sababu lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda mwenye asili ya Kihindi. Mehta alishinda mwaka mmoja tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia nchini. Mwenye gari letu, mzee mmoja mpole, hawezi kulizungumzia gari hilo bila kumtaja Mehta. Lilikuwa la marehemu kaka yake, likakaa stoo miaka mingi likila vumbi. Alitaka lipuliziwe rangi yake ya zamani, ya chungwa, na kila kitu cha ndani kirudi kilivyokuwa. Na alituambia mapema kwamba kuna mnunuzi Nairobi analisubiri. Neno hilo likumbukeni.

Watu hudhani rangi ndiyo kazi. Rangi ina mwisho wake: unapiga msasa, unapuliza, inakauka. Kazi ni kurudisha ulichokitoa. Kabla ya kupuliza, tulitoa viti, kapeti, raba za milango, kitambaa cha dari, hita, nyaya zote, na mwisho dashibodi. Kila waya niliufunga utepe wa karatasi wenye namba, kila kundi la skrubu nikalitia katika mkebe wake wa maziwa na kuandika juu limetoka wapi. Wakati wa kurudisha, mpangilio ni ule ule kinyumenyume, ila sasa una rangi mpya inayokutisha. Unavua saa, unavua mkanda wa suruali, unatandika blanketi kwenye kingo za milango. Dari huanza, kisha mabamba ya lami ya kuzuia kelele sakafuni, kisha nyaya, kisha hita, ndipo dashibodi. Viti ni vya mwisho kabisa. Ukikosea mpangilio, unafungua tena kila ulichofunga.

Dashibodi ya gari hili ni kipande kimoja kirefu: fremu ya chuma, juu yake sponji, juu ya sponji ngozi ya plastiki nyeusi. Ilipokuwa mpya ilikuwa laini. Baada ya miaka hamsini inakuwa kavu kama biskuti. Mjomba aliniambia, "Usiiguse asubuhi. Isubiri ipate jua, ilainike, halafu tutaiinua wawili." Nilimsikia vizuri. Lakini ilikuwa Alhamisi, nilitakiwa kurudi chuoni Jumamosi, na mwenzangu wa gereji alikuwa tayari ameshika upande wake. Tukaiingiza saa moja na nusu asubuhi, kabla baridi ya usiku haijaitoka. Ilipokuwa inakaa mahali pake nilisukuma kwa goti. Nikasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu.

Ufa ulikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, upande wa juu kabisa, pale dashibodi inapozama chini ya kioo cha mbele. Ukikaa kwenye kiti huuoni. Ukisimama nje huuoni, labda uinamie kioo ukiwa na tochi.

Mjomba aliutazama, akanitazama mimi, akaenda kuleta gundi na rangi nyeusi ya plastiki. Hakupiga kelele. Alisema, "Dashibodi za gari hizi zote hupasuka. Jua likishika miezi michache, ungepasuka wenyewe." Na hilo ni kweli, waulizeni wenye magari haya popote duniani. Tukajaza ufa, tukapaka, tukasugua. Wallahi, kazi ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe nililazimika kupapasa kwa kidole ili niupate.

Hapo ndipo mwanafunzi wa dini ndani yangu alipoanza kazi yake, na nasikitika kusema kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kunitetea. Nilikumbuka somo la ijara, mlango wa fundi anayepokea kazi za watu mbalimbali, yule ambaye mafaqihi humwita ajiri mushtarak. Abu Hanifa anasema kitu kikiharibika mkononi mwake bila uzembe, halipi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wanasema analipa, isipokuwa kwa jambo lisiloweza kuepukika, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali alikuwa akiwatoza mafundi kwa ajili ya kulinda mali za watu. Basi nikajiambia: suala lina khilafu, kitu kilikuwa kikuukuu, mimi nimemfuata Abu Hanifa. Nikalala.

Tazameni nilivyojidanganya. Kwanza, nilikuwa nimeambiwa nisubiri jua, sikusubiri. Huo ni uzembe, na hata Abu Hanifa hana nafasi ya kunitetea. Lakini tuchukulie sikuzembea. Khilafu ile inahusu nani alipe. Haimhusu kabisa anayeficha. Hakuna imamu kati yao aliyesema kwamba fundi asiyewajibika kulipa anaruhusiwa kunyamaza. Nilikuwa nimebeba jibu la swali moja nikaliweka juu ya swali jingine, kama tulivyopaka rangi juu ya gundi. Naamini wengi wetu tunaosoma fani hii tunafanya hivyo zaidi ya wasiosoma, kwa sababu sisi tuna majibu mengi ya kuchagua.

Usiku wa pili nilimsimulia ndugu mmoja ninayekaa naye chumba kimoja hosteli, kwa simu. Akaniambia, "Allah amekusitiri, na wewe jisitiri. Dini imetuhimiza sitara." Maneno yake yalinituliza kwa muda wa kama nusu saa. Sitara ni kubwa katika dini yetu, na yeyote anayetangaza dhambi zake hadharani amekosea adabu. Lakini sitara ni ya jambo lililo baina ya mja na Mola wake. Gari halikuwa langu. Ndani ya kosa langu mlikuwa na haki ya mtu, na haki ya mtu haifunikwi na toba ya usiku bila yeye kuipata au kusamehe.

Najua mnasubiri niitaje hadithi ya Jibril kuhusu ihsani, kwamba Allah anatuona hata kama sisi hatumwoni. Sikuisahau. Tatizo langu ni kwamba wakati nasugua ile rangi sikuwa na shaka hata chembe kwamba Allah ananiona. Nilichokuwa nakibishania ni anaona nini: anaona kijana anaficha, au anaona fundi anatengeneza? Mjomba, mtu wa swala tano, hakuona kwamba tumeficha. Kwake tulitengeneza. Kitu kimevunjika, tumekiunga, kimekuwa kizuri. Si ndiyo kazi ya fundi?

Jibu nililipata mahali ambapo sikutarajia. Imamu Ghazali, katika Ihya, mlango wa adabu za kuchuma, anasimulia kwamba Imamu Ahmad bin Hanbal aliulizwa kuhusu kushona nguo iliyochanika kwa ustadi hata mshono usionekane. Jawabu lake, kwa maana yake, ni kwamba anayeuza nguo hiyo haimfalii kuficha mshono, na fundi mwenyewe kazi hiyo ni halali kwake akijua kwamba mwenye nguo ataudhihirisha, au kwamba hakusudii kuiuza. Nilisoma mara tatu. Ustadi wa mkono haukulaumiwa. Kuunga hadi pasionekane ni sifa ya fundi. Hukumu inategemea kitu kinakwenda wapi baada ya kutoka mkononi mwako, na nani atasema nini juu yake. Nikakumbuka Nairobi.

Mzee yule atasimama mbele ya mnunuzi na kusema dashibodi ni nzima, ya asili, haijapasuka. Atasema hivyo kwa moyo safi. Dashibodi nzima ya 240Z ni kitu adimu. Mnunuzi ataongeza bei kwa ajili yake. Miezi michache baadaye jua litaufungua ufa, na mnunuzi atasema uzee umefanya kazi yake, au atasema mzee alimdanganya. Mimi sitatajwa popote. Hilo la kutotajwa ndilo lililonikosesha usingizi: ningekuwa nimemfanya mtu mwaminifu aseme uongo bila yeye kujua.

Kuna wanaosema, basi mzee auze kwa sharti la "kama lilivyo", kila mtu awe salama. Mafaqihi wamelijadili sana sharti la kujivua dhima ya aibu za bidhaa. Wahanafi wamelipanua, Mashafii wamelibana. Lakini ipo kesi katika Muwatta inayonitosha. Abdullah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujivua dhima. Mnunuzi akalalamika kwamba ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Uthman bin Affan hakuishia kwenye sharti. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba aliuza bila kujua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha. Baadaye mtumwa alipona, akauzwa kwa dirhamu 1500. Watu hupenda kusimulia kwa sababu ya zile 1500. Mimi napenda lile swali la Uthman: ulikuwa unajua? Sharti linamlinda mtu katika asichokijua. Mzee angeweza kuapa. Mimi nisingeweza.

Ijumaa baada ya swala nilimwambia mjomba kwamba nitamwambia mwenye gari. Hapa nitakuwa mkweli: sijui ni taqwa kiasi gani, na ni hofu kiasi gani kwamba ufa utafunguka mapema tukaumbuka. Vyote viwili vilikuwapo. Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Karo yako imo ndani ya pesa za gari hilo." Nikasema najua. Akasema, "Basi utamwambia wewe. Mimi nitasimama hapo." Alisimama kweli, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisini, na hilo liliniuma kuliko yote yaliyofuata. Alikuwa amebeba aibu ya goti langu.

Mzee hakukasirika kama tulivyoogopa, wala hakusamehe kama ninavyosoma katika visa vya mawaidha. Aliomba tochi. Akainama, akapapasa hadi akaupata. Akatuambia tuitoe ile rangi na gundi, ufa uonekane, kwa sababu mnunuzi ana haki ya kuuona kama yeye alivyouona. Kisha akakata sehemu ya malipo. Mjomba alisema kiasi kile ni kikubwa mno kwa ufa wa kidole kimoja, na mpaka leo anasema hivyo. Mimi nadhani kilikuwa cha haki, ila sijasema mbele yake. Muhula huu nimelipa karo kwa mafungu mawili, na fungu la pili nimelikopa.

Lilibaki jambo moja dogo. Tulipomaliza kufunga viti, mkebe mmoja ulikuwa na skrubu tatu zilizozidi. Kila fundi atakuambia gari likifunguliwa lote lazima zibaki chache, na kwa kawaida huishia kwenye kopo la skrubu za gereji. Siku ile sikuweza. Nilirudi ndani ya gari nikiwa na tochi, saa nzima, nikagundua moja ilikuwa ya reli ya kiti cha dereva, mahali ambapo si pa mzaha. Nyingine mbili sikujua ni za wapi, na mjomba naye hakujua. Nikazitia katika mfuko mdogo wa nailoni, nikaandika juu yake "zimebaki, hatukupata mahali pake", nikamwonyesha mzee, kisha nikauweka kwenye droo ya dashibodi.

Alizitazama, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Akauliza, "Na hizi nimwonyeshe mnunuzi pia?" Mjomba akajibu kabla yangu: "Ndiyo, mzee. Mwonyeshe."